Derivativi Ipo, Mwalimu

Somo la Jumamosi liliharibika pale mkufunzi alipoiandika ubaoni fanksheni xy/(x² + y²), ambayo kwenye nukta (0, 0) imepewa thamani 0, akaanza kuisaka derivativi ya sehemu kwa kanuni ya mgawanyo. Alipata y(y² − x²)/(x² + y²)², na mpaka hapo hana kosa. Kisha akaingiza sifuri mbili, akaona 0/0, akaligeukia darasa na kutangaza kwamba derivativi haipo.

Ipo. Ni sifuri.

Kanuni ya mgawanyo ina sharti lake: asili isiwe sifuri. Kwenye (0, 0) asili ni sifuri, na thamani ya fanksheni pale haikutoka kwenye sehemu ile. Imetolewa peke yake, kwa tamko. Kwa hiyo kanuni haina la kusema mahali hapo, na 0/0 aliyoiona haithibitishi lolote. Kilichotakiwa ni kurudi kwenye fasili: chukua f(h, 0), ambayo ni 0; toa f(0, 0), nayo ni 0; gawanya kwa h. Jibu ni 0 kwa kila h isiyo sifuri, basi limiti ni 0. Kwa upande wa y ni vivyo hivyo. Mistari miwili ya chaki, basi.

Kinachoniuma zaidi ni alichowanyima wanafunzi. Ukiufuata mstari y = x kuelekea (0, 0), fanksheni inabaki 1/2 njia nzima, halafu ghafla ni 0. Imekatika pale, na bado derivativi zake zote mbili za sehemu zipo! Kwa kigeu kimoja jambo hilo haliwezekani. Kwa viwili linawezekana, kwa sababu derivativi za sehemu hupima mwendo wa mihimili miwili tu na hazijui lolote kuhusu mshazari. Mfano huo huletwa darasani kwa ajili ya funzo hilo, naye akautupa.

Mfano wa kwanza wa somo, x²y + 3y², aliufanya vizuri: 2xy na x² + 6y.

Nimelisema hapa mara nyingi na nitalirudia: tunawakaririsha wanafunzi kanuni kabla hawajaishika limiti. Na ile d ya kawaida ambayo mkufunzi aliiandika mahali pa ∂, alama ya derivativi za sehemu ambayo mwanahisabati Jacobi aliisimamisha tangu 1841, ni uzembe wa aina hiyohiyo.

Mwanahisabati Peano asingepita njia ya mkufunzi huyu. Katika kitabu cha 1884 kilichotoka kwa jina la mwalimu wake Genocchi, aliweka mifano ya kuwazindua waliozoea kuamini fomula bila sharti. Chukua xy(x² − y²)/(x² + y²), yenye 0 kwenye (0, 0). Anza na x kisha y, derivativi ya pili pale ni −1. Anza na y, ni 1. Kwa fasili unazipata zote mbili. Kwa mtindo wa Jumamosi ungeishia 0/0 na kusema hazipo.

Mkufunzi afungue somo lijalo kwa kufuta jibu lile mbele ya darasa, na mwanafunzi aliyelinakili alikate leo, aandike 0.