Uji wa Baba na Nadharia ya Uuguzi

Ukikutana na jirani sokoni hapa Uyole ukamwuliza mbona siku hizi haonekani, naye akakujibu, "Ninauguza," huwezi kudhani kwamba amepata kazi hospitalini. Utajua kuwa ana mgonjwa, nawe utampa pole. Kwa asili ya neno lenyewe, muuguzi ni ndugu wa mgonjwa kabla hajawa mtu wa cheti na sare. Mimi niliivaa sare hiyo mpaka nikastaafu, lakini maana hii ya kwanza nilichelewa kuijali.

Chuoni tulisomeshwa mawazo ya Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1996. Kitabu chake kidogo juu ya misingi ya uuguzi, kilichotolewa na Baraza la Kimataifa la Wauguzi mwaka 1960, kimezunguka dunia nzima. Fundisho lake ni hili: mtu aliyepungukiwa nguvu, nia au maarifa, muuguzi amfanyie yale ambayo angejifanyia mwenyewe, na amwachie mara tu atakapoweza. Akaorodhesha mahitaji 14. La kwanza ni kupumua, la pili kula na kunywa, la mwisho kujifunza. Asiyeweza kupona naye asaidiwe afe kwa amani.

Nadharia hii naiheshimu hadi leo. Ilimpa muuguzi kazi iliyo yake, isiyokuwa kivuli cha kazi ya daktari. Tuliikariri kwa fahari, nasi tukaifaulu katika mitihani.

Kisha baba yangu akapata kiharusi. Alilazwa katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja, kwani lililotokea humo lingeweza kutokea popote, hata katika wodi zangu mwenyewe. Shangazi ndiye aliyekuwa akimuuguza. Alimwogesha, akamgeuza, akamfulia mashuka na kuyaanika kwenye majani, na asubuhi ya baridi alimletea uji ndani ya chupa ya chai. Uji huo alimnywesha akiwa amelala chali. Baba akapaliwa mara ya kwanza, akapaliwa na ya pili. Siku chache baadaye mapafu yakashika homa, na nyumbani hakurudi.

"Mwanangu," shangazi aliniambia tulipokwisha kuzika, "mimi nilidhani asiyeweza kukaa hunyweshwa hivyo hivyo."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mgonjwa wa kiharusi huinuliwa kwanza, akaegemezwa vizuri, akajaribiwa kama anaweza kumeza, ndipo apewe kidogo kidogo. Siwezi kuapa kwamba baba angepona. Lakini ninajua kwamba maelezo hayo yangechukua dakika tano.

Wala sitamnyoshea kidole muuguzi wa zamu. Nimeandika mara nyingi katika faili, kwa mkono wangu, kwamba mgonjwa amekula, hali aliyemlisha ni mama yake au mkewe, nami sikumwona akimlisha. Yule mtu hakuwa na jina katika maandishi yangu. Tulimwita "ndugu wa mgonjwa," na muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha tulimwambia atoke.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Henderson. Si kwamba aliisahau familia. Alitaka mgonjwa na watu wake watazamwe kama kitu kimoja. Lakini kitu hicho aliketisha upande wa wanaosaidiwa. Upande wa wanaosaidia alimweka muuguzi mwenye mafunzo. Katika wodi zetu ndugu yuko pande zote mbili: analia kama mwenye msiba na anafanya kazi kama mwajiriwa. Nadharia isiyomwona mfanyakazi huyu haiwezi kuuliza nani amemfundisha.

Ajabu ni kwamba Florence Nightingale alikuwa amemwona zamani. Kitabu chake juu ya uuguzi, cha mwaka 1859, hakukikusudia kiwe cha kufundishia wauguzi. Alikiandikia wanawake wa kawaida waliokuwa na dhamana ya afya ya wengine. Shule yake ya wauguzi ilifunguliwa London mwaka uliofuata. Tangu hapo taaluma imekua, na mwanamke wa kawaida ameachwa nyuma.

Kwetu nako tumepanda. Muhimbili ilianza kutoa shahada ya uuguzi mwaka 1988, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inailinda kazi yetu. Ninafurahi. Ila ninaona kijana mwenye shahada akiona haya kushika kikombe cha uji, akidhani kwamba heshima imo katika sindano na kalamu peke yake.

Mtu ataniuliza: Je, huku si kuhalalisha upungufu wa wauguzi kwa mgongo wa akina mama, wanaofunga vibanda vyao sokoni ili wakafanye kazi isiyo na mshahara? Swali hilo ni la haki. Wauguzi waongezwe, na ndugu asibebeshwe kazi ya mtaalamu. Lakini kumwacha bila mafunzo hakumpunguzii mzigo. Kunamfanya aubebe gizani.

Hapa Uyole tuna kituo cha utafiti wa kilimo, na maharage ya Uyole 96 yamelimwa na wengi wasiowahi kuingia darasani humo. Bwana shamba hakupimwa kwa jembe lake, alipimwa kwa shamba la mkulima. Muuguzi naye apimwe hivyo: pamoja na alichofanya kwa mikono yake, tuulize anayemuuguza mgonjwa amejua nini kabla ya zamu kwisha. Na katika faili, pale tulipozoea kuandika kwamba mgonjwa amekula, liandikwe jina la aliyemlisha na la aliyemfundisha kumlisha.

Jina la shangazi lingekuwa la kwanza. Pale pa pili pangebaki patupu, na pengine mtu angeuliza kwa nini.