Jina Bila Maelezo: Uhakiki wa Majina ya Kiswahili ya Visukuku vya Wanyama wenye Uti wa Mgongo nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Bonde la Ufa la Rukwa linatoka maeneo ya Mbeya na Songwe na kuelekea kaskazini-magharibi hadi mkoa wa Katavi, ambao makao yake makuu ni Mpanda. Katika miamba ya sehemu ya kusini ya bonde hilo, watafiti wamefukua viunzi vya mifupa ya wanyama wenye uti wa mgongo ambao hapo awali hawakujulikana kwa sayansi. Tangu mwaka 2010, baadhi ya wanyama hao, pamoja na mmoja wa bonde la Ruhuhu, wamepewa majina ya kisayansi yenye maneno ya Kiswahili. Ni rahisi kulipokea jambo hili kama heshima kwa lugha yetu na kuishia hapo. Makala hii inahakiki majina manne kwa kigezo cha mofolojia na semantiki ya Kiswahili: Asilisaurus kongwe (2010), Pakasuchus kapilimai (2010), Shingopana songwensis (2017) na Mnyamawamtuka moyowamkia (2019). Hoja kuu ni kwamba jina lisiloandamana na maelezo ya Kiswahili humfikia msomaji wa Kiswahili likiwa na maana tofauti na ile iliyokusudiwa.

2.0 Uhakiki wa Majina

2.1 Mpangilio wa maneno: Pakasuchus na Shingopana

Pakasuchus ni muungano wa neno paka na neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha mamba. Sehemu ya pili ya jina inamuenzi marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika nomino ambatani za Kiswahili, nomino kuu hutangulia na kinachoifafanua hufuata: pundamilia ni punda, batamzinga ni bata. Kwa kanuni hiyo, msomaji atamdhania mnyama huyu kuwa ni aina ya paka. Kisukuku chenyewe kinasema kinyume chake. Ni kisukuku cha mnyama wa ukoo wa mamba, mwenye ukubwa wa paka na miguu myembamba ya kutembelea nchi kavu. Meno yake yaligawanyika kama ya mamalia: chonge mbele, na nyuma meno mfano wa magego yaliyokutana wakati wa kutafuna.

Mkazi wa Mpanda anamfahamu mamba wa mto Katuma, katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambaye wakati wa kiangazi hujificha katika mapango ya kingo za mto. Meno ya mamba huyo yana maumbo yanayokaribiana, nayo ni ya kukamatia windo, si ya kulitafuna. Kwa mkazi huyo, habari kubwa ni kwamba ukoo wa mamba uliwahi kuwa na mnyama aliyetafuna. Jina linampeleka kwa paka, ilhali habari ni ya mamba.

Shingopana ni tofauti. Jina hili linamtaja mnyama mzima kwa kiungo chake kimoja, kama Kiswahili kinavyomwita mtu domokaya kwa sababu ya kinywa chake. Mpangilio wa maneno ni wa Kiswahili, na maana inalingana na pingili za shingo zilizopanuka ambazo ndizo zilizowavutia watafiti. Kati ya majina manne, hili ndilo linaloweza kusimama bila mkalimani.

2.2 Asili na undugu: Asilisaurus kongwe

Mnyama huyu alipatikana katika tabaka za Manda, bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania. Aliishi katika kipindi cha Triasi, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Wataalamu waliomwelezea mwaka 2010 walimweka katika kundi la ndugu wa karibu wa dinosaria. Umuhimu wake unatokana na undugu huo: ikiwa tawi la ndugu lilikwisha kuwapo, basi tawi lililozaa dinosaria nalo lilikwisha kujitenga. Neno asili, hata hivyo, humaanisha chanzo au chimbuko. Msomaji ataelewa kwamba huyu ndiye babu wa dinosaria, ilhali ushahidi wa mifupa unamwonyesha kuwa binamu. Katika taaluma ya mageuko, tofauti hiyo si ndogo, kwani kubainisha babu na binamu ndiyo kazi yenyewe.

Upatanisho wa kisarufi unazidisha utata. Kivumishi -kongwe kingeafikiana na mnyama kwa umbo la mkongwe. Umbo kongwe linaafikiana na asili, na hivyo linaimarisha usomaji ule ule wa chimbuko la kale.

2.3 Moyo wa mkia

Mnyamawamtuka ni kirai kamili cha umilikishi, mnyama wa Mtuka, nacho hakina kasoro ya kisarufi. Tatizo lipo katika moyowamkia. Watafiti walikusudia umbo la pingili za mkia, ambazo zikitazamwa kwa nyuma zinafanana na mchoro wa moyo. Katika Kiswahili, moyo wa kitu ni kiini chake, kama moyo wa mti. Bila neno umbo, msomaji atatafuta kitu kilichomo ndani ya mkia.

3.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazilazimishi jina kufuata sarufi ya lugha lilikotoka. Hata mfuatano wa herufi usio na maana huruhusiwa. Pingamizi hili ni sahihi, na makala hii haipendekezi jina lolote libadilishwe. Hata hivyo, uhuru wa mtoa jina hauondoi maana katika masikio ya mjuzi wa lugha. Kwa msomaji wa nje, asili na paka ni sauti tu. Kwa Mtanzania ni maneno, na hawezi kuyasikia bila kuyaelewa.

4.0 Hitimisho

Mwanafunzi wa sekondari mjini Mpanda husoma Biolojia kwa Kiingereza. Akikutana na majina haya, sehemu anayoielewa papo hapo ndiyo inayoweza kumpotosha, na maelezo ambayo yangemsahihisha yameandikwa kwa lugha nyingine. Makala hii inapendekeza mambo mawili. Kwanza, wataalamu wa Kiswahili washirikishwe kabla jina halijachapishwa. Pili, kila maelezo ya kisukuku kilichofukuliwa Tanzania yaambatane na ikisiri ya Kiswahili inayoeleza mifupa iliyopatikana, nafasi ya mnyama katika mageuko na sababu ya jina. Istilahi za kuanzia zipo: kisukuku, kiunzi, pingili, chonge, gego, ukoo. Kilichokosekana ni matumizi yake katika maandishi ya taaluma hii.