Kukosoa Nguo ya Gome

Neno letu «kukosoa» lina akili ndani yake. Mlango uliofungwa hufunguliwa, tundu lililozibwa huzibuliwa, na penye kosa mtu hukosoa, ndiyo kusema hulitoa kosa mahali pake ili kazi ibaki nzima. Lakini katika mazungumzo ya kila siku neno hili limechakaa. Mtu akisema «wamenikosoa», uso wake waonyesha ya kuwa wamemwaibisha. Tena wako wengi wasiothubutu kumkosoa mwenzao hata kidogo, wakidhani huo ndio upole.

Nataka kuyapima hayo kwa kazi moja iliyo karibu nasi: nguo za gome zinazochorwa na wanawake wa Kimbuti katika msitu wa Ituri, pande za Mambasa na Epulu. Watu wa mbali wamezisifu mno nguo hizo. Watu wa karibu wamezidharau mno. Naona wote wawili, asifuye na adharauye, wamemnyima mchoraji kitu kile kile.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana asiyejua jinsi kitu kinavyofanywa hana njia ya kukikosoa. Mwanamume huenda msituni akachuna gome la ndani la mti, mara nyingi mti wa jamii ya mkuyu. Hulilaza juu ya gogo, akaligonga kwa nyundo ya mti, au zamani ya pembe ya ndovu, mpaka limepanuka na kuwa laini kama kitambaa. Wengine huita nguo hiyo pongo. Hapo kazi ya mwanamume imekwisha. Mke wake, au mama yake, au dada yake hulitwaa gome akakaa nalo chini. Rangi nyeusi hupatikana katika maji ya tunda la gadenia yaliyochanganywa na makaa yaliyosagwa. Nyekundu hutoka katika miti na mizizi ya msitu. Kalamu ni kidole chake, au kijiti. Na michoro yake ni ndugu wa ile wanayojichora mwilini siku ya ngoma: mistari, nukta, nyavu, mabawa ya vipepeo, madoa ya chui.

Sasa angalia jambo moja. Rangi ile ikiisha kunywewa na gome haifutiki. Seremala akikosea hupiga randa tena, mshonaji hufumua, mwandishi hukata neno akaandika jingine juu yake. Mama huyu hana kifutio. Mstari ukienda pembeni, umekwenda. Basi kama ataka kukosoa, hana budi kukosoa kwa mstari unaofuata. Ule ulioinama ataupa mwenzi aliyeinama zaidi, hata wa kwanza nao uonekane umekusudiwa. Tena mara nyingine nguo moja hupita katika mikono ya wanawake wawili au zaidi. Mmoja huanza, mwingine huendeleza. Nionavyo mimi, hapo pana ukosoaji bora kuliko mwingi unaoandikwa vitabuni. Anayeendeleza kazi ya mwenzake amekwisha kuipima. Akijaza nafasi, amesema hapa hapakutosha. Akiiacha, amesema yatosha. Na maneno hayo ameyasema kwa kidole chenye rangi, katika kazi ambayo aibu yake au sifa yake itampata na yeye.

Mgeni akiiona nguo hiyo mara ya kwanza husema: imepinda. Na kweli imepinda. Nyavu zimeanza vizuri upande wa kushoto, zikafika katikati, zikakatika. Nukta nyingi zimesongamana pembeni, kisha ukafuata uwanja mtupu upana wa viganja viwili. Sisi tuliopita shuleni tulifundishwa kupiga mstari kwa rula, na mwalimu akatusifu kwa mistari inayofanana. Kwa macho hayo nguo ya Kimbuti ni daftari la mtoto asiyemaliza kazi.

Mwaka 1983 Robert Farris Thompson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, aliandika juu ya michoro hiyo, na msaada wake mkubwa ni kwamba aliitazama kama mtu asikilizavyo muziki. Aliyewahi kusikia Wambuti wakiimba ataelewa upesi. Hawaimbi wote sauti moja. Huyu hutoa sauti yake fupi akanyamaza, yule huitia yake katika kimya hicho, na wimbo mzima hauko kinywani mwa mtu mmoja. Ukiondoa vimya, umeua wimbo. Basi nguo nayo ina vimya vyake, na anayetaka kuvijaza vyote amefanana na mtu apigaye makofi bila kupumzika wakati wengine wanaimba.

Lakini tusiende mbio. Sisemi kwamba kila nafasi tupu katika nguo ya gome ni hekima. Nyingine ni uchovu. Nyingine ni mvua iliyoanza kunyesha, au mtoto aliyelia. Wako wachoraji hodari na wako wavivu huko msituni kama walivyo mahali pote, na anayesema kila nguo ya Kimbuti ni ya ajabu amekiri tu ya kwamba hajazitofautisha. Ndiyo sababu mkosoaji huanza kwa kuuliza. Ulitaka nini hapa? Swali hilo dogo lagawanya watu, maana anayeliuliza hujua kwamba mbele yake yuko mtu aliyetaka kitu.

Barabara itokayo Kisangani hupita Nia-Nia na Epulu mpaka Mambasa, kisha huenda Komanda, na kutoka huko Bunia. Penye barabara pana wanunuzi. Tuseme mnunuzi ameshika nguo, akamwambia mama: mistari hii inyooshe, na katikati unichoree okapi, ndipo nitakupa bei nzuri. Je, huyo amekosoa? Hapana, ameagiza. Kuagiza si dhambi. Mama huyo ahitaji chumvi na sabuni, na fundi viatu naye hushona kwa kipimo cha mguu wa mteja. Ubaya ni kulivika agizo vazi la ukosoaji, hata mama akaamini kwamba kazi ya bibi yake ilikuwa na makosa, hali ilikuwa tu haiuziki kwa mpita njia yule. Nguo moja ya okapi haidhuru kitu. Lakini binti anayejifunza kando ya mama yake, akisikia kila mwezi kwamba mstari mzuri ni ule ulionyooka, atasahau kupindisha. Hapo kitakuwa kimepotea kitu ambacho hakuna shule iwezayo kukirudisha, kwa kuwa hakikuandikwa mahali pengine ila magomeni na mwilini.

Asifuye naye ana lawama yake. Ili tuione vizuri hatuna budi kutoka Ituri kidogo, twende Katanga. Mwaka 1946, katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mahali pa wachoraji palipojulikana kwa jina la Le Hangar. Hakutaka kuwafundisha sanaa ya Ulaya. Aliwapa rangi na nafasi, akawaacha wachore yaliyo moyoni mwao. Matunda yake yajulikana: Bela aliyechora kwa ncha za vidole, kama mama zetu wa Ituri, Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake mifupi iliyopangwa kama ususi wa mkeka. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na picha za watu wale zingali zatafutwa hata leo. Siwezi kuidharau kazi ile. Hata hivyo kuna jambo linalonisumbua katika upole wa namna hiyo. Mtu asiyesahihishwa kamwe, kwa hofu kwamba usafi wake utaharibika, amefanywa mtoto. Watoto ndio tunaowaambia «nzuri» kwa kila wanachochora.

Makerere, huko Uganda, palikuwa na njia nyingine mbili. Bibi Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha huko katika miaka ya 1930, alikuwa akiwasomea wanafunzi hadithi au kuwaeleza jambo kwa maneno, nao wachore picha waliyoiona akilini. Cecil Todd alipochukua mahali pake mwaka 1958 alileta historia ya sanaa ya Ulaya na elimu ya rangi, akawataka wanafunzi waijue. Watu wamebishana sana ni nani kati yao aliyefanya vema. Mimi namwona Trowell ndiye aliyejua kuuliza, maana kipimo chake kilianza na picha iliyo kichwani mwa mwanafunzi. Lakini Todd aliwatendea kama watu wazima wawezao kubeba mzigo, na hilo si jambo dogo. Kama Bwana Todd angekaa siku kumi na wanawake wa Epulu, ningependa kujua ni nani angerudi na masomo mengi zaidi.

Turudi Epulu. Mwingereza Colin Turnbull alikaa na Wambuti huko katika miaka ya 1950, na kitabu chake kilitoka mwaka 1961. Wataalamu waliomfuata walimlaumu kwamba aliwapamba Wambuti kupita kiasi, na nadhani lawama ina haki yake. Lakini jambo moja aliliona vizuri: kambini hakuna jaji wala chifu wa kuhukumu, na mara nyingi kosa hurekebishwa kwa kicheko. Aliyekosa huigizwa mwendo wake na maneno yake mbele ya wote, mpaka naye acheke. Tena mara nyingi yuko mchekeshaji ambaye ugomvi ukizidi hujitwika yeye lawama, ili wengine wapate kupoa. Kinachoogopwa zaidi ni kelele ya kuvuruga kambi.

Msomaji asidhani kwamba kicheko ni dawa ya kila mahali. Hufaa kambini kwa sababu anayecheka leo atachekwa kesho; wote wamekaa chini pamoja. Kicheko kile kile kikitoka kinywani mwa mtu wa kijijini aliyezoea kumwita Mmbuti mtu wa porini, ni kitu kingine kabisa, hata kama maneno ni yale yale. Sisi wa barabarani tumewacheka Wambuti miaka mingi, nao hawakupata nafasi ya kutucheka sisi mbele ya macho yetu. Hivyo tunapotaka kusema juu ya kazi zao, hatuna ruhusa ile waliyo nayo wao kwa wao. Hatuna budi kuipata kwanza, na haipatikani kwa siku moja wala kwa bei nzuri.

Na mwenye kukosolewa, yeye afanye nini? Washairi wa Kiswahili wana desturi inayofaa kutajwa hapa. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, mtu aliyepingwa kwa shairi alijibu kwa shairi, kwa vina na mizani. Na Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, kila aliyetaka kusahihisha wengine alijua kwamba beti zake mwenyewe zitahesabiwa silabi. Desturi hiyo humlinda anayekosolewa, kwa kuwa mdomo mtupu hauingii uwanjani. Nayo humtaka asikimbie, maana jibu lake ni kazi nyingine. Mama wa Kimbuti naye aweza kusikiliza yote aliyoambiwa na mwenzake, akaacha mstari wake ulivyo. Kukosolewa hakumpi mkosoaji milki ya nguo.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Mwaka 1991 jumba la Dapper mjini Paris lilifanya maonyesho ya nguo hizi za Wambuti. Nguo nyingine zimo katika majumba ya sanaa na mikononi mwa matajiri wa Ulaya na Marekani. Chini ya nguo nyingi huandikwa kabila, na msitu, na makisio ya mwaka. Jina la mwanamke aliyechora halipo, maana aliyenunua hakuuliza. Hivyo yamepigwa chapa maneno mengi ya kifundi, kwa Kifaransa na Kiingereza, juu ya kazi ya watu ambao hakuna anayejua wapelekewe wapi maneno hayo. Sifa zile hazikumfikia mtu. Wala kosa lililoonekana halikumfikia mtu. Fundi amechora miaka thelathini, nguo zake zimesafiri kuliko yeye, naye hajasikia neno lolote kutoka huko ila bei aliyopewa barabarani.

Hili lawezekana kuanza kurekebishwa hapa Mambasa bila fedha za mtu yeyote. Anayenunua nguo na aulize jina la mama aliyeichora, na jina la aliyeendeleza kama wako wawili, na jina la aliyegonga gome. Ayaandike kwa penseli upande wa nyuma, pamoja na mahali na mwaka, kama wenyewe wakikubali. Kisha aionyeshe kwa kidole ile nafasi tupu na kusema: «Mama, hapa uliacha wazi kwa sababu gani?» Wako watakaoeleza kwa urefu. Wako watakaosema mvua ilinyesha. Na huenda mmoja atamwuliza mnunuzi kwa nini shati lake limejaa mistari iliyonyooka yote, upande mmoja kama upande wa pili. Basi naye awe tayari kujibu.