Mpe Mpiganaji Watu

Kuna sheria isiyoandikwa kwenye meza za Dungeons & Dragons ambazo nimekaa hapa Machakos: mgeni akija, mpe mpiganaji. Hakuna anayeisema kwa ubaya. Kitabu ni kinene, Kiingereza chake kizito, na mchawi anataka uchague uchawi mara sita kabla chai haijapoa. Mpiganaji ana upanga, ana ngao, ana mwili. Zamu yako ikifika unarusha dadu, unaongeza namba, unaambiwa umepata au umekosa. Fiti. Wiki tatu baadaye yule mgeni harudi, na sisi wenyeji tunatikisa kichwa tukisema huu mchezo si wa kila mtu.

Mimi nabisha. Mchezo ni wa kila mtu. Ni sisi tuliomweka mgeni kwenye kiti kibaya, halafu tukamlaumu kwa kusinzia.

Kama hujawahi kucheza, mambo ni hivi. Mnakaa watu wanne watano. Mmoja ni msimamizi: anasimulia dunia, miji yake, wanyama wake, maadui wake. Wengine kila mmoja ana mhusika wake na anaamua huyo mhusika atafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu yenye pande 20 inakata shauri. Ni hadithi inayotungwa na wasimulizi wengi kwa mara moja, na hakuna hata mmoja wao anayejua itaishia wapi.

Mpiganaji yuko humo tangu siku ya kwanza. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu mwaka 1974, kulikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Kwa hivyo tunayemdharau ni mmoja wa wazee wa boma.

Lakini tazama alichokuja kupewa. Kwenye toleo la 2014, mpiganaji mwepesi kuliko wote anaitwa Champion. Akifika levo ya tatu anapata zawadi yake kubwa: pigo lake la balaa, lile la kuumiza zaidi, linatokea dadu ikionyesha 19 au 20, badala ya 20 pekee. Piga hesabu. Nafasi imetoka asilimia 5 hadi 10. Ukirusha dadu mara kumi usiku mzima, utategemea jambo hilo litokee mara moja hivi, na likitokea si wewe umelichagua, ni dadu. Wakati huohuo mchawi wa levo hiyohiyo anaweza kumfanya mtu asionekane, au kujaza chumba kizima utando wa kunasa maadui. Mchawi anauliza, "Je, nikifanya hivi?" Mpiganaji anauliza, "Nimepata?" Hapo ndipo usingizi unaanzia.

Dawa ya kwanza ambayo watunzi wa michezo wamejaribu ni kumwongezea vitufe. Kitabu hichohicho cha 2014 kina mpiganaji mwingine, Battle Master, mwenye mbinu tatu za kuanzia na dadu nne za pande nane za kuzilipia. Anaweza kumwangusha adui, kumpokonya silaha, kumtia hofu. Toleo la 2024 likasogea zaidi: sasa silaha zenyewe zina ufundi wake, moja inasukuma, nyingine inaangusha. Ni kazi nzuri, sikatai. Mchezaji aliyekolea anafurahi. Ila umeona kilichotokea? Yule mgeni tuliyemwambia "chukua hii, ni rahisi" amerudishwa palepale kwenye kitabu kinene. Na vitufe vingi kati ya hivyo vinafanya kazi vitani tu. Vita ikiisha, mchawi bado ana uchawi wa kufungua milango na kusoma lugha, mpiganaji anarudi kuwa mtu wa kubeba mizigo.

Dawa ya pili naipenda zaidi. Mchezo wa Dungeon Crawl Classics, uliotoka 2012, unampa shujaa wake dadu moja ya ziada. Kabla hajapiga, anasema kwa maneno yake anachotaka kufanya: nataka kumrushia mchanga machoni, nataka kukata kamba ya daraja. Pigo likifika na ile dadu ya ziada ikionyesha tatu au zaidi, imetendeka. Basi. Hakuna orodha ya kukariri. Hapa mpiganaji amerudishiwa mdomo, na mtu asiyejua kanuni hata moja anaweza kucheza vizuri kuliko aliyezikariri, kwa sababu kinachotakiwa ni macho na ubunifu. Kasoro yake ni kwamba tendo linaisha pigo linapoisha. Kesho yake asubuhi, sokoni, shujaa wetu tena hana la kusema.

Sasa, shida ya shujaa mwepesi si ngeni huku kwetu. Wasimulizi wa pwani waliishughulikia zamani bila dadu hata moja, na mhusika wao aliitwa Fumo Liongo.

Hadithi yake, ya nchi za Pate na Ozi, ilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa akaitungia utenzi mwaka 1913. Hebu tumpime Liongo kama mhusika wa mezani. Ni mrefu, ana nguvu, ni hodari wa uta. Ni malenga pia, sawa, lakini hana uchawi wa kurusha moto, haruki angani. Ana kanuni moja tu: hakuna silaha inayomwua isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Mhusika wa namna hiyo anaandikwa nyuma ya risiti ya supermaketi na nafasi inabaki.

Halafu tazama jinsi anavyochezwa. Maadui zake wanapanga mchezo wa kula makoma kwa kikoa, kila mtu kwa zamu apande mkoma awaangushie wenzake. Mpango ni kwamba zamu ya Liongo ikifika, wamlenge akiwa juu mtini. Zamu inafika. Liongo anachukua uta wake na kuyaangusha makoma kwa mishale, miguu yake ikiwa chini. Hilo ni tendo la mpiganaji mtupu, silaha ileile anayotumia kila siku, ila limetumika kujibu swali ambalo si la vita. Kisha anafungwa gerezani. Mama yake anamletea chakula. Walinzi wanakula kilicho kizuri na kumwachia mkate wa wishwa walioudharau, na ndani yake mna tupa. Liongo anaomba ipigwe ngoma, na kelele zikipanda anakata minyororo.

Mwishowe mwanawe mwenyewe anatumwa kujua siri ya kifo chake, na anamchoma sindano akiwa amelala. Liongo anaamka, anachukua uta, anakwenda hadi kisimani, anapiga goti na kutega mshale. Anafia pale, katika mkao huo. Watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai.

Manze, hakuna kitufe hata kimoja katika mambo hayo. Utamu wote unatoka kwa watu waliomzunguka: mama anayejua walinzi watadharau mkate gani, mtoto anayevutwa huku na huku, mji mzima wenye kiu unaoogopa maiti. Nguvu zake ni rahisi kueleza, na kwa kuwa kila mtu anazijua, kila mtu lazima apange maisha yake kuzizunguka. Waluo wana mfano wao, Lwanda Magere, mwili wa jiwe, ambaye uhai wake ulikuwa kwenye kivuli. Maadui walipomshindwa kwa mikuki walimpa mke, na huyo mke ndiye aliyeipata siri. Kanuni moja tena, na tena nyumba nzima ndani yake.

Hata D&D yenyewe ilikuwa na fununu ya jambo hili. Katika kitabu cha wachezaji cha 1978, mpiganaji aliyefika levo ya tisa aliitwa bwana, na akijenga ngome yake askari walikuja kumtumikia. Huku Ukambani neno lipo tayari: muthiani, kiongozi wa kikosi cha vita au cha uwindaji. Huwezi kuwa muthiani peke yako porini. Cheo chenyewe kinadai watu nyuma yako, na watu nyuma yako wana njaa, wana wivu, wana mama zao nyumbani watakaokuuliza umewarudisha wangapi.

Toleo la 2014 lilimwachia mpiganaji mapigo, bila wale watu. Ukiniuliza, hicho ndicho kilichomboesha.

Mezani kwetu tulijaribu kuwarudisha. Mchezaji mpya, mtu wa maneno machache, alichukua Champion vilevile alivyo kitabuni, tukamwongezea sentensi moja: akisimama mlangoni, hakuna anayeweza kumsogeza. Mwanzo ilikuwa ya kuchekesha, wenzake wakikimbia huku wakitafuta mlango wa kumsimamisha. Maadui nao wakajifunza, wakaanza kuchoma nyumba badala ya kuingia. Kisha msimamizi akaleta ukame. Kijiji kilikuwa na ghala moja la mahindi, na wazee wakamwomba yule mpiganaji asimame mlangoni. Usiku wakaja watu wa kijiji cha pili, wengine na watoto mgongoni. Hawakuwa na silaha. Mchezaji wetu alinyamaza muda mrefu, mchawi akaanza kumshauri, akamwambia, "Ngoja, bro. Huu mlango ni wangu." Aliwapitisha wenye watoto, akawazuia wengine, na asubuhi ilibidi awaeleze wazee. Usiku huo hakurusha dadu hata moja. Wiki iliyofuata alifika kabla yetu sote.

Najua jibu la wengine: kuna wasee wametoka kazini wamechoka, wanataka tu kupiga goblini na kucheka. Kweli, na Champion anawafaa sana. Mwache anayetaka kupiga apige. Ninachopinga ni kuamua kwa niaba ya mtu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na naifahamu ile sauti ya upole inayosema "tukutafutie kitu chepesi". Inadhani mtu asiyetaka kusoma kurasa mia tatu hana la kuamua. Kumbe uzito wa uamuzi na uzito wa kitabu ni vitu viwili. Kusimama mlangoni mwa ghala ni jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu ataelewa, na mzee wa miaka sabini atashindwa kulilalia.

Kwa hivyo msimamizi, kabla mgeni hajaandika namba yoyote, mwulize maswali matatu. Ni jambo gani moja ambalo kila mtu katika nchi hii anajua kukuhusu? Nani anakula kwa sababu wewe upo? Nani anajua kinachoweza kukuangusha? Majibu yaandikwe juu kabisa ya karatasi, kabla ya nguvu na kinga, na kila mkikutana mguse angalau moja. Gharama hakuna: tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni za msingi za D&D iko huru kwa leseni ya Creative Commons, unaweza kuipakua kwa simu na kuandika sentensi zako pembeni, hata kwa Kikamba. Dadu zikikosekana, kuna programu za bure.

Na mgeni akijibu swali la tatu kwa kutaja mhusika wa mtu mwingine aliyekaa pale mezani, nyamaza kidogo. Mwache huyo mwingine amtazame.