Mafundi wa Siku ya Nane

Kuacha unga, yaani heroini, ni kazi ya wiki moja. Nasema hivyo makusudi, maana wengi wakisikia kijana kapelekwa soba, nyumba ya kuachia unga, hudhani shughuli yote iko katika zile siku za arosto, mwili unapoudai unga. Arosto ni kali, hilo halina ubishi, ila ina ratiba yake. Nusu siku baada ya kete ya mwisho mtu anaanza kupiga miayo, machozi na kamasi zinamtoka bila kulia, vinyweleo vinamsimama. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele: tumbo linamwendesha, anatapika, mifupa inauma, miguu inarusha mateke usiku kucha. Kufika siku ya nane mwili huwa umetulia kwa sehemu kubwa, ingawa usingizi huchelewa sana kurudi.

Nyumba za soba si ngeni pwani kwetu. Malindi, Mradi wa Omari ulianza mwaka 1995. Zanzibar ilipata nyumba yake ya kwanza mwaka 2009. Wanaoziendesha wengi wao wamewahi kutumia unga wenyewe, na hapo ndipo ufundi wao ulipoanzia. Msimamizi mzuri hamuulizi mgeni maswali siku za mwanzo. Anamletea uji mwepesi, anamletea maji yenye sukari na chumvi, na anahesabu vikombe, kwa sababu anayeharisha na kutapika mfululizo anaweza kufa kwa kukaukiwa maji kabla unga wenyewe haujamaliza kumtoka.

Halafu inakuja saa ya kuaga. Kwa kawaida ni usiku. Mgeni anakumbuka ghafla kwamba mama yake anaumwa, kwamba kuna mtu ana deni lake Darajani, kwamba atakwenda mara moja na asubuhi atarudi. Ukibishana naye umeshindwa, maana hakuna wakili hodari kama teja aliye kwenye arosto. Fundi habishani. "Haya mdogo wangu, utakwenda. Koga kwanza." Maji yanamla nusu saa. "Sasa kunywa uji, huwezi kutoka na njaa." Nusu saa nyingine. Hamu ya unga humjia mtu kwa mawimbi, na wimbi hilo limeshapita. Mgeni kajikunyata kwenye godoro, anatukana lakini yupo. Mimi naona hapo kuna elimu ambayo vyuo vyetu havijaiandikia mtaala.

Lakini kazi yenyewe, ya kubaki bila unga, inaanza siku ya nane. Siku ya teja haikuwa na nafasi hata kidogo: kutafuta hela, kutafuta kete, kutafuta pa kujificha, kisha kuanza upya kabla arosto haijabisha hodi. Ukiondoa unga, unabaki na mchana mrefu usio na kazi, na mtu ambaye kichwa chake kinajua njia moja tu ya kuumaliza. Ndiyo maana nyumba hizi zina ratiba inayochosha kuisoma: kuamka alfajiri, sala, kufagia uwanja, kikao, zamu ya jikoni, daftari, kikao tena. Anayemenya viazi vya watu ishirini hana muda wa kupanga safari ya maskani.

Daftari ni la hatua kumi na mbili. Hatua hizo zilitoka kwa walevi wa pombe wa Marekani, waliokusanyika Ohio mwaka 1935, na mwaka 1953 watumiaji wa dawa za kulevya wa California wakazichukua na kuunda Narcotics Anonymous. Ninachokistahi ni mpangilio wake. Kuomba radhi na kulipa uliyoyaharibu ni hatua ya tisa. Kijana wa wiki ya pili, damu imeanza kumchangamka, anataka leo hii akamwangukie mama yake miguuni kwa ule mtungi wa gesi aliouuza. Mlezi wake anamzuia. Kwanza aandike, ukurasa kwa ukurasa, alichofanya na kwa nini. Halafu amsomee mtu mmoja kwa sauti. Halafu aorodheshe majina. Radhi ya haraka mama ameshaisikia mara nyingi, na kila mara ilifuatiwa na kupotea kwa sufuria.

Kuna pia vile vibango vya funguo vya plastiki vya Narcotics Anonymous: cheupe kwa anayeanza, rangi ya chungwa kwa siku 30 bila unga, kijani 60, chekundu 90. Nimeona watu wazima wenye ndevu wakikishika cha chungwa kama cheti cha ndoa.

Fundi wa kweli, hata hivyo, anajua mahali ufundi wake unapoishia. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga umepoteza uzoefu wake. Kipimo alichokuwa anakimudu zamani sasa kinaweza kumzima pumzi. Kwa hiyo anayetoka soba na kuteleza yuko hatarini kuliko alivyokuwa siku aliyoingia, na lazima aambiwe hivyo wazi, yeye na nyumbani kwake. Wapo pia ambao njia hii imewashinda mara tatu, mara nne. Kwao kuna dawa ya methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu mwaka 2011 na Kidongo Chekundu, Unguja, tangu 2015, na ushahidi kwamba inaokoa maisha ni mkubwa. Msimamizi anayemdharau mnywa methadoni anatetea nyumba yake tu.

Basi ukimpeleka ndugu yako, kabla hujalipa ada muulize msimamizi: akitapika siku mbili mfululizo, mnampeleka hospitali gani? Akitoka akateleza, mtamwambia nini, na mtamwelekeza wapi? Asiyekuwa na majibu, au mwenye mnyororo ukutani, usimwachie mtoto wa watu.