Jeep inabaki, ajenti anaenda

Tangu mwaka 2025 uanze kuna neno moja limekuwa la kawaida mu maofisi ya Beni na Butembo: kompresio. Shefu akisema "tutafanya kompresio", kila mtu anajua tayari maana yake. Hasemi juu ya mazuti ya jenereta, hasemi juu ya semina za mu hoteli. Anasema juu ya watu. Hii tabia nataka kuikosoa leo, sababu wengi wanaiona kama mvua, kitu kinachoanguka tu kutoka juu. Siyo mvua. Ni chaguo la mtu aliyekaa na kalamu, na mara nyingi ni chaguo baya hata kwa hesabu yake mwenyewe.

Kwanza tuseme ukweli: krizi iko. Mwishoni mwa mwezi wa sita 2024 Kanyabayonga ilianguka mu mikono ya M23, na biashara ya Butembo na kusini ikaumia vibaya. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 ikafuata Goma. Mabenki ya kule yakafunga, uwanja wa ndege ukafunga, serikali ya jimbo ikahamia Beni. Mu mwezi huo huo, tarehe 20, Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na tarehe 10 mwezi wa tatu ikatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Mu 2024 karibu asilimia 70 ya feza yote ya misaada ya kibinadamu mu Kongo ilitoka Marekani. Mashirika yaliyokula ku hiyo sahani yote yalitikisika. Hata kakao, ambayo mwishoni mwa 2024 ilipita dola 12,000 kwa tani ku soko la New York, ilipoteza karibu nusu ya bei mu mwaka uliofuata. Kwa hiyo sisemi mashefu wanajifanya maskini.

Ninachouliza ni hiki: feza ikipungua, kisu kinaanza wapi?

Tufanye hesabu, ni mfano tu. Tuseme mradi wa kilimo uko na maajenti 20, kila mmoja analipwa dola 400 kwa mwezi. Jumla ni 8,000. Mradi huo huo unakodi jeep mbili, kila moja dola 100 kwa siku, siku 22 za kazi. Hiyo ni dola 4,400, bado hujatia mazuti, bado hujalipa shofa. Kwa hesabu hiyo jeep mbili zinakula mishahara ya maajenti 11. Na ajenti mwenyewe, yule anayefika kweli ku shamba, anaenda na pikipiki, mara nyingi na miguu. Jeep inapeleka wakubwa kutembelea kazi. Sasa bajeti ikipunguzwa nusu, watu 10 wanapewa barua, jeep mbili zinabaki. Mradi unabaki na magari ya kwenda kuangalia kazi ambayo hakuna tena mtu wa kuifanya.

Kwa nini inakuwa hivyo? Sababu ya kwanza ni karatasi. Mshahara unaonekana mu mstari mmoja, unaufuta mara moja. Hasara imejificha mu mistari 20: kukodi magari, jenereta inayowaka mchana kutwa juu ya kompyuta tatu, tishati na kofia za kila sherehe, semina ya siku tatu mu hoteli ili kusoma rapoti ambayo ingetumwa kwa simu. Kuipata kunaomba siku nzima ya kukaa na fakture. Sababu ya pili ni watu. Kila mstari wa hasara uko na mwenyewe. Jeep iko na mwenyewe, hoteli iko na mwenyewe, perdiem iko na mifuko inayoingoja. Ajenti wa mu kijiji hana mtu wa kumtetea ku meza ile.

Hii desturi haikuanza jana. Kumbukeni Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 kule Mangina, ikaisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ikiacha watu 2,287 wamekufa. Watu wa hapa waliona magari yaliyokodiwa yakijaa barabara, wakaanza kusema "Ebola business". Neno hilo lilikuwa la uchungu, lakini lilikuwa na sababu. Feza ilipoondoka, kazi za vijana ziliondoka nayo. Lakini ile namna ya kutumia ilibaki mu maofisi yetu, kana kwamba mradi bila jeep na hoteli siyo mradi.

Na Ebola ilitufundisha kitu kingine ambacho tunakisahau. Timu zilizotoka mbali zilikataliwa, zingine zikapigwa mawe. Penye kazi ilisonga mbele, mara nyingi ilikuwa ni mtu wa kijiji, anayesema Kinande, anayejua wazee, ndiye aliyefungua mlango. Ajenti wa kilimo ni hivyo hivyo. Anajua ni mkulima gani anafermenta kakao yake vizuri na ni nani anauza ikiwa mbichi juu ya kuogopa wezi na ADF. Anajua njia gani haipitiki wiki hii. Ukimfukuza, ujuzi huo hauko mu arshivu yoyote. Mradi ukirudi kisha miaka miwili, utalipa semina nyingine ya kufundisha wapya.

Mu biashara ni vile vile. Mwenye depo ya kakao bei ikianguka anaanza kwa kuondoa mama wa kuchambua na vijana wa kuanika. Anaona amepona. Lakini kakao inaomba siku tano hadi saba za kufermenta, kisha kuanikwa hadi maji yabaki asilimia 7 au 8 tu. Bila mikono ya kugeuza, inapata kuvu, na mununuzi anashusha bei mara ya pili. Hasara ya kweli ilikuwa mu magunia yanayooza, na ameondoa watu waliokuwa wanaizuia. Sisi tuliosoma agronomia tunajua: mti wa kahawa ukichoka, unakata machipukizi yanayonyonya bure, unaacha tawi linalozaa. Hakuna mkulima wa Lubero anayefanya kinyume.

Wengine watasema: "Ndugu, wewe hujui bayeri. Bayeri ndiye anapanga bajeti, na akifunga, amefunga." Nakubali nusu. Mradi uliokuwa asilimia 100 wa USAID haungeokolewa kwa kuzima jenereta. Lakini mashirika mengi yako na bayeri wawili au watatu, na maduka, mashule, mahospitali na madepo ya hapa yanapanga bajeti yao yenyewe. Hapo nafasi ya kuchagua iko. Ujerumani mu 2009 uchumi wao ulianguka kwa zaidi ya asilimia 5, lakini ukosefu wa kazi uliongezeka kidogo tu. Makampuni yalipunguza saa za kazi badala ya kufukuza, na serikali ikasaidia kulipa sehemu ya mshahara uliopotea. Sisi hatuna serikali ya kulipa hivyo. Lakini kugawana saa, kufanya zamu, au mishahara mikubwa kushuka kwanza, hiyo haiombi serikali.

Tena sheria yetu inatupa mlango. Kodi ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, mu artikulo 78, inaomba mwajiri anayetaka kuondoa watu kwa sababu ya hali ya kampuni awajulishe wajumbe wa wafanyakazi kwa maandishi, siku 15 mbele, ili kupokea mapendekezo yao. Mapendekezo! Ni maofisi ngapi mnayojua ambapo wajumbe walitumia siku hizo 15 kwa kitu kingine kuliko kulia na kuomba majina fulani yasiguswe?

Hapo njo kazi yetu sisi wenye diploma. Tunajua kusoma bajeti, tunajua kuhesabu. Siku barua ya kompresio ikifika, mjumbe aombe fakture za miezi sita: magari, mazuti, hoteli, karatasi, simu. Aweke pembeni ya kila mstari idadi ya mishahara inayokula. Halafu aingie mu mkutano na hiyo karatasi. Shefu anaweza kukataa, lakini atakataa mbele ya namba, na atalazimika kusema kwa sauti yake kwamba jeep ni ya lazima kuliko watu 11. Hapa kwetu mshahara mmoja unalipa minervali ya watoto wanne na dawa ya mama mzee, na kijana anayeupoteza anangojewa na pikipiki ya deni, na machimbo, ao na bunduki. Kabla ya kumtuma huko, tuonyeshwe kwanza fakture.