Maandishi ya Msumari

Anayepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, akiwa na wasaa wa kuziangalia kuta na si maduka ya vinyago peke yake, hukuta kwamba kuta hizo zimeandikwa. Hapa jina la kijana limechongwa kwa msumari. Pale limeandikwa jina la timu ya mpira ya Uingereza. Mbele kidogo kuna moyo uliochomwa mshale na herufi mbili pembeni yake. Kisha tusi, na juu ya tusi onyo la mwenye nyumba kwa rangi nyekundu, ambalo nalo ni maandishi ukutani. Watu wazima husema huo ni uharibifu, na hukumu huwa imekwisha hapo. Lakini kila kilichoandikwa, kiwe kizuri au kibaya, kina haki moja mbele ya mhakiki, nayo ni kusomwa kabla ya kufutwa.

Isidhaniwe kwamba msumari unatafutiwa udhuru. Majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakapakwa chokaa, na sakafu za ghorofa zake zikabebwa na boriti za mikoko. Chokaa hupumua, yaani huingiza unyevu na kuutoa. Mkwaruzo ukifika kwenye jiwe, maji ya mvua hupata njia. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya chokaa, unyevu hufungika ndani, plasta huvimba na kumomonyoka. Na mwenye nyumba akija kuliziba kovu hilo kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko chokaa na haitoi unyevu kwa wepesi, dawa huwa mbaya kuliko maradhi. Siku maji yanapozifikia boriti, huanza kuoza. Jina lililochongwa kwa dakika mbili huweza kuwa mwanzo wa hasara ya miaka, na aghalabu anayeibeba hasara hiyo ni mkaazi asiye na uwezo wa kuita fundi.

Hata hivyo, mkono uandikao juu ya chokaa si mgeni katika pwani hii. Katika magofu ya Gedi, mji ambao mwaka 2024 uliingizwa katika Urithi wa Dunia, na katika yale ya Kilwa na Songo Mnara, yaliyotangulia kuingizwa mwaka 1981, zimo plasta zilizochorwa vyombo vya baharini kwa ncha kali. Ndani ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, watu wa ngome walichora ukutani meli na samaki na viumbe vingine, na leo michoro hiyo ni hazina ya makumbusho. Hakuna aliyewapa wachoraji wale ruhusa. Muda ndio uliowasafisha. Kilichokuwa uchafu wa ukuta kikawa ushahidi wa historia, na wataalamu wakaja kukipima na kukinakili.

Tofauti iliyopo baina ya mchoro wa kale na chapa ya leo ndiyo inayostahili kuangaliwa. Mchoraji wa kale alichora kitu nje ya nafsi yake. Alichora mlingoti, tanga na kamba, na kwa hayo alionesha ulimwengu anaoujua, ulimwengu wa bahari uliompa yeye au jirani yake kazi na safari. Kijana wa leo aghalabu huandika jina lake tu. Kwa mizani ya fasihi, hayo ni maandishi dhaifu: hayana taswira, hayana hoja, hayana hata mtu anayeambiwa. Yanasema neno moja, kwamba fulani alikuwapo hapa. Lakini udhaifu huo wenyewe una maana. Mtu huhitaji kuuthibitishia ukuta kuwapo kwake pale ambapo hakuna mwingine aliyemthibitishia.

Zamani uthibitisho huo ulipatikana barazani. Baraza la mawe mbele ya nyumba halikuwa kiti tu. Palikuwa mahala pa kusikiliza habari, kutegua vitendawili, kujua nani mtoto wa nani, na mzee yeyote aliweza kumkanya mtoto wa yeyote bila ya kuulizwa amepewa na nani amri hiyo. Baada ya mwaka 1964 majumba mengi ya Mji Mkongwe yalitwaliwa na serikali, yakawekwa familia nyingi chini ya paa moja. Watu walipata makaazi, na hilo si jambo dogo, lakini ngazi na ukuta wa nje vikawa vya wote, yaani si vya yeyote. Kisha ukaja utalii. Nyumba zikageuka hoteli na maduka, na baraza likawa meza ya kupangia bidhaa. Kijana aliyemaliza skuli na kukosa kazi, akikaa pale alipokaa babu yake, huambiwa asogee kwa kuwa anawazuia wateja.

Wala si yeye aliyekuwa wa kwanza kuandika ukutani. Tangu kurejea kwa vyama vingi mwaka 1992, na hasa tangu uchaguzi wa mwaka 1995, kila msimu wa kampeni huacha picha na majina ya watu wazima juu ya kuta, na gundi yake hubaki hata baada ya washindi kuapishwa. Matangazo ya biashara nayo hayaulizi chokaa kama inaridhia. Mtoto hujifunza kwa kuona, na wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Akiona kwamba ukuta ni wa mwenye nguvu ya kuutumia, atangojea usiku, ambao ndio nguvu pekee aliyonayo.

Penye wasikilizaji, mambo huwa mengine. Jaws Corner, pale watu wanapokunywa kahawa na kubishana, kwa miaka mingi palikuwa na simu kongwe ukutani isiyoungwa na waya wowote, pamoja na maandishi yaliyomwahidi mpita njia kuzungumza na nchi za nje bila ya malipo. Hayo ni maandishi ya ukutani yenye ufundi. Yana kejeli, yana msomaji, na yanamfanya mgeni na mwenyeji wacheke, kila mmoja kwa sababu yake. Na Forodhani, bustani iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, kila jioni vijana hukimbia na kujirusha baharini kwa mitindo ya kila namna, mchezo unaoitwa makachu, huku umati ukiwashangilia. Nao ni vijana wa mji huohuo. Wamepata ukingo wa kurukia na macho ya kuwatazama, na jina la mrukaji hodari hutajwa kwa sauti na watu, halihitaji msumari.

Tena, uzito wa makosa upimwe kwa haki. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, limo katika mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Haikuwa kazi ya kijana mwenye msumari. Lilikuwa jumba lililochakaa kwa miaka mingi mbele ya macho ya watu wazima wenye vyeo, wataalamu na wahisani. Jamii inayokasirishwa na mkwaruzo, lakini ikazoea ufa, haijui kusoma kuta zake.

Lawama hii haiwaachi washairi. Kijana ambaye angeweza kuleta jina lake barazani, ndani ya ubeti, mara nyingi amepokewa kwa kuhesabiwa mizani kabla ya kusikilizwa. Anayeghani kwa midundo ya Zenji Fleva ameambiwa kwamba hayo si mashairi, na mlango ukafungwa. Vina na mizani ni urithi wa kulindwa, hapana shaka, lakini urithi hulindwa kwa kurithishwa. Abdilatif Abdalla alipofungwa mwaka 1969 kwa maandishi yake na kunyimwa karatasi, aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki juu ya karatasi za chooni. Mwenye neno na asiye na pa kuliweka hutumia kilicho karibu naye. Kijana wa kichochoroni hana neno kama lile, kwa kuwa hakufundishwa, lakini hitaji lake si la aina nyingine.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi, yapata karne mbili zilizopita, aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa ya fahari yakawa magofu. Hakutafuta mtoto wa kumlaumu kwa kurusha mawe. Aliuita moyo wake mwenyewe na kuuhoji. Huo ndio uhakiki unaozifaa kuta za leo. Mtoto aliyechonga jina lake na apewe ndoo ya chokaa, aoneshwe na fundi namna ya kuichanganya na kuipaka, na akimaliza akae barazani aulizwe jina lake ni nani na ana neno gani. Huenda siku ya kwanza asiwe na la kusema. Ni wajibu wa walioketi pale kumngojea.